Meno ya Mayige Yatimiza Miaka Kumi

Mbuzi alikuwa karibu kuiva, lakini Profesa Generoza bado amezama mdomoni mwa Mzee Mayige, tochi mkono mmoja, kioo kidogo mkono mwingine.

"Panua zaidi, mzee."

Mzee Mayige akapanua. Si mtu wa kubembelezwa kuonyesha meno, huyo. Tangu apandikizwe meno mapya kule Bariadi mjini, miaka kumi sasa, kijiji kizima cha Mwamapalala hakijapumua. Harusini anacheka, mnadani anacheka, na msibani anacheka vilevile, mpaka wafiwa wakamwomba awe anakaa nyuma.

Pembeni, Daktari Sadick alikuwa anatokwa jasho. Ndiye aliyeyapandikiza meno hayo, na leo kwake ilikuwa kufa na kupona. Profesa katoka Dar kuangalia kama meno ya kupandikizwa yanadumu kwa wazee wa huku. Akiridhika, Bariadi itapata kitengo chake, na Sadick ndiye atakuwa mkuu. Asiporidhika, Sadick atang'oa meno mabovu ya watu mpaka astaafu.

Shida ni kwamba mgonjwa wa kuonyesha alibaki huyu tu. Mwenzake mmoja alivuta tumbaku mpaka fizi zikayatapika. Mwingine aliyafungulia soda, yakabaki na kizibo. Wa tatu alifariki na meno yake imara kabisa, Mungu amrehemu, lakini marehemu utampigaje picha?

"Yamewahi kucheza?" Profesa akauliza.

"Hata siku moja."

"Kuuma?"

"Yaume kwa lipi, mayu?" mzee akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na nyama, inakupa shida?"

"Nyama kwangu hailali," mzee akasema kwa majivuno. "Muulize mke wangu."

Mkewe, Klementina, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyojaa misuli, alikuwa anageuza mbavu motoni. Akaguna tu.

Profesa akazima tochi. "Sadick, sijawahi kuona! Wazee wangu wa Dar, mwaka wa tano tu yameshasagika, yana nyufa. Haya kama yametoka kwenye boksi asubuhi hii. Umefanyaje?"

"Ni mkono tu, Profesa," Sadick akajibu, ameinamisha macho kama bibi harusi. Moyoni alikuwa ameshaanza kuchagua kiti cha ofisini.

"Lakini mbona mzee amekonda hivi?"

"Umri," Sadick akadakia.

"Sawa. Ila sisaini kitu mpaka nimwone anakula nyama. Wenzangu wanataka video, hawataki maneno."

Sadick akageuka kutazama mbavu motoni. Yule mbuzi alikuwa beberu mzee. Alimchinja mwenyewe, alimjua. Meno yakivunjika mbele ya simu ya Profesa, kwisha habari yake. Akainama sikioni kwa mzee.

"Baba, nakuomba, leo usiniangushe."

"Nikuangushe mimi? Nyama nitakula, na itakwisha. Tulia, ngosha, uwe mwanaume."

Nyama ikaletwa, mbavu zinafuka moshi. Majirani waliokuwa wanachuma pamba wakaacha kazi, wakaja kuegemea ua. Nani akose sinema ya bure? Profesa akainua simu. Mzee Mayige akanawa mikono, akaigeukia ile simu, akaachia cheko la meno yote. Hata Profesa akacheka.

"Haya mzee, karibu ule."

"Mama Kija," Mayige akamwita mkewe. "Tayari."

Klementina akaichukua ile sahani. Akachambua mnofu kutoka kwenye mifupa, akautumbukiza kwenye kinu, akashika mchi. Akatwanga. Akatwanga tena, jasho linamtiririka, mpaka nyama ikalainika kama chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Kisha akampa mumewe, na kijiko juu yake.

Simu ya Profesa ikashuka taratibu.

"Mzee," Sadick akasema, "na meno?"

Mayige akaziba mdomo upesi kwa kiganja.

"Daktari! Niliuza ng'ombe sita kupata haya, halafu nitafunie mbuzi?"