Mfuksia Juani

Wewe uliyepita kando ya uzio ule ukajifanya unatafuta kitu mfukoni, ulimwona vizuri sana.

Bibi Nambua alikuwa amepiga magoti juani, amekumbatia nusu ya pipa alimopanda mfuksia wa msitu wa mawingu, wenye maua mekundu yanayoning'inia kama hereni. Ndio pekee uliobaki. Mingine ilikwenda na msitu ulipokatwa, siku ile magogo yaliposhushwa mlimani, na mji mzima, nawe ukiwemo, ukapiga vigelegele.

Miaka yote mfuksia huo ulikaa kivulini nyuma ya jiko, chini ya magunia aliyoyalowesha yawe ukungu wake. Leo Bibi amerudi sokoni akakuta vijana wameuhamishia mbele, kwenye jua kali, ili bi harusi wa jirani apigwe nao picha. Picha zimekwisha, wabebaji wamekwenda kula pilau.

"Bibi, si tumeutoa kifungoni?" Nakijwa, dada wa bi harusi, alicheka mlangoni kwao. "Maua gani yanafichwa kama kuku anayeatamia?"

"Mti unakufa, Nakijwa! Njoo tuurudishe."

"Na gauni hili? Subiri watu washibe."

"Jua nalo litasubiri?"

Nakijwa akaingia ndani. Majani yamelegea, na vitumba vinadondokea vumbini. Bibi ameinua upande mmoja wa pipa; upande wa pili haujabanduka chini.

Toa mkono mfukoni, wewe. Ruka uzio, shika upande huo, inua. Sasa hivi!