Mgoto wa Chini ya Kilima

Sogeeni karibu, wajukuu, nyamazeni. Mwenye kikohozi akimeze.

Wanyama walikubaliana ngoma ya mafuriko ikilia, wakimbilie kilimani. Mama Fuko akauliza, "Sisi wa chini ya ardhi ngoma hatuisikii. Mzee Nyati, mtatugongea kwato?"

Ngiri akacheka. "Kipofu wewe, ya kilimani yanakuhusu nini?"

Maji yakaja. Ukoo wa Mama Fuko, ambao haukuonywa, ukachimba kupanda ndani ya kilima. Juu, wanyama wakasikia kitu kikigonga chini ya miguu yao.

"Tupisheni tutoke!" ikalia sauti.

"Mizimu hiyo! Kanyageni!" akafoka Nyati.

Kwato zote zikakanyaga. Kilima kilichokwisha toboka kikadidimia nao majini.

Mama Fuko alitokea ubavuni mwa kilima na wanawe. Kiboko, mkazi wa majini, alirithi ziwa lililoachwa na mafuriko, fuko wakarithi ubavu uliobaki. Ndama wa Nyati, aliyepona kwa kuogelea, alirithi kuisikiliza ardhi kabla hajalala.