Kikombe cha Bi Mwajabu

Kila Jumapili kikundi chao cha kupanda mlima kiliishia kwenye jiwe hili: wanakaa, wanakunywa chai, wanarudi. Leo Chiku alifika hapo mbio, kilomita ya sitini ya mashindano, matope hadi magotini. Bi Mwajabu, aliyemzoesha kupanda, alikuwa akimngoja na chupa ya chai.

“Kaa kwanza, mwanangu. Hapa hatupiti bila chai.”

“Nikikaa siinuki tena, Bi Mwajabu.”

Chiku akapokea kikombe, akatimka nacho kushuka upande wa pili, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Bi Mwajabu akakimbilia ukingoni kudai kikombe chake. Alipofungua kinywa, vikamtoka vigelegele. Chini kule, ndani ya ukungu, kikombe chekundu kikainuliwa juu.