Mkasina wa Dirishani

Arletha alikigonga kikombe cha tatu kwenye ngazi, kikapasuka, akaokota vipande na kuvitia kwenye ndoo. Vilikuwa vikombe vizuri, vya harusi ya mama yake. Lakini kaburi lisilo na chombo kilichovunjwa si kaburi, na yeye alihitaji makaburi kabla ya Alhamisi.

Kisiwani kwao watu wa zamani hawakuwekewa mawe. Upande wa kichwa ulipandwa mti usiopukutisha majani, vyombo vya marehemu vikavunjwa na kuwekwa juu ya kaburi, basi. Nayo sheria ilikataza kujenga juu ya wafu. Binamu yao wa Atlanta alikuwa ameuza fungu lake la urithi kwa kampuni ya mahoteli, na kwa fungu hilo kampuni sasa ilidai mahakamani uwanja mzima, nyumba ikiwemo. Kilichoweza kuizuia ni kaburi, hata moja tu, na Alhamisi mtu wa serikali angekuja kukagua.

Basi Arletha alikwenda ukingoni mwa msitu, akang'oa mikasina mikubwa, ile miti ya kisiwani isiyopukutisha majani, ambayo majani yake hupikwa chai, pamoja na udongo wake, akaja kuipanda nyuma ya nyumba. Mkasina hauna makuu. Mchanga unaukubali, chumvi ya bahari haiudhuru, na ukiumwagilia maji ya kutosha siku za mwanzo unashika kama uliozaliwa pale pale. Alichagua mikasina jike, iliyojaa matunda mekundu, akatawanya vigae vya vikombe chini yake. Kwa mbali yalionekana makaburi kweli, hata yeye mwenyewe aliogopa kupita.

Hakuwa akipigania ardhi tu. Baba yake, Furman Mungin, aliondoka Arletha akiwa bado mtoto. Alipanda feri kwenda kutafuta kazi Savannah, ndivyo Arletha alivyoambiwa, na hajaacha kumsubiri mpaka leo. Nyumba ikibomolewa, mzee akirudi atabisha hodi wapi? Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Mama yake, Bi Tempie, alimtazama tu akichimba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu mwaka ule mume alipoondoka. Aliteleza ngazini, ndivyo alivyosema. Kwa mkono wa kulia alikuwa akiupogoa mkasina wake mwenyewe, ule wa chini ya dirisha la jikoni, wa mviringo, uliotunzwa kuliko yote kisiwani. Majirani hawakuchoka kumtania, maana ulikuwa dume, na mkasina dume ni kama mpapai dume, hauzai. Nani hupanda dume dirishani? Naye aliwajibu kwamba pasipo dume hata hayo majike yao yasingezaa, wakacheka wakaenda zao. Majani ya chai aliyachuma kwenye mikasina ya barabarani. Wa dirishani hakuuchuma hata jani.

"Usicheze na makaburi, mwanangu," alisema. "Wafu ukiwaita wanaitika."

"Waitike basi, Mama. Si ndio tunaowataka?"

Bi Tempie aliugeukia mkasina wake, akaendelea kupogoa.

Alhamisi alikuja Bwana Kittrell wa serikali ya kaunti, mtu mpole mwenye kofia ya ukindu, akisukuma mashine ya magurudumu iliyofanana na kigari cha mtoto. Arletha alidhani atakuja mtu wa kutazama kwa macho: aone miti, aone vigae, aandike, aondoke. Kumbe mashine ile ilichungulia hadi chini ya ardhi.

Bi Tempie alipoelezwa kazi ya mashine hiyo, mkasi ulimponyoka. Alimwambia mgeni akapime huko nyuma kwenye makaburi, upande wa jikoni asihangaike nao, pana mabomba ya maji. Kisha akaingia ndani na kulifunga dirisha, ingawa joto la siku ile lilikuwa halivumiliki.

Bwana Kittrell alipita chini ya mkasina wa kwanza, akarudia. Akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Aliinama akaokota kigae, akakifuta kwa kidole, akakitazama kwa huruma.

"Hapa hamna mtu, dada," alisema. "Hata mmoja. Na udongo wenyewe bado mbichi."

Hakumgombeza. Alimsifu hata kwa jinsi alivyoipanda vizuri, lakini akasema hawezi kuandika uongo, na kwamba Jumatatu kampuni italeta matingatinga. Arletha alikaa chini kwenye mchanga akalia kwa sauti, mwanamke mzima, akiuliza baba yake atawapata wapi.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Bi Tempie alikuwa amevua aproni na kuvaa gauni lake la kanisani, na viatu vyake vya kanisani. Alisimama akimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anayemkariri.

"Umeruka mmoja," alimwambia Bwana Kittrell. "Huo wa dirishani."

"Si ulisema pana mabomba, bi?"

"Pima."

Mashine ilipita mara moja, ikarudi. Bwana Kittrell alisimama, akavua kofia yake.

"Yupo," alisema taratibu. "Huyu yupo kweli."

Arletha aliruka, machozi hata hajayafuta, akamkumbatia mama yake huku akicheka. Nyumba imepona! Aliapa kwamba atamtunza marehemu huyo, awe babu yao wa ngapi sijui, atampalilia kila wiki mpaka naye aingie kaburini. Mama yake alisimama wima mikononi mwake.

"Basi hapa hapajengwi kitu," alisema Bwana Kittrell, akitoa kalamu. "Nitahitaji jina tu, kama mnalijua."

Bi Tempie aliiondoa mikono ya mwanawe shingoni, mmoja baada ya mwingine, akakaa kwenye ngazi.

"Andika Furman Mungin," alisema.