Mafundo Mawili

Boksi la kwanza Mama alilipiga teke palepale mlangoni, likabingirika hadi chini ya meza ya chakula.

"Mama, hasira za nini?" mwanawe akauliza.

"Nani kakwambia nina hasira? Ondoa takataka zako njiani."

Takataka zenyewe zilikuwa maboksi sita matupu. Mwanawe alikuja nayo Jumapili ile asubuhi ili afungashe vitu vya mama yake na kumhamishia kwake, kwenye chumba cha uani. Jirani wa ghorofa ya chini ndiye aliyempigia simu: mama yako macho yamekwisha, jana kalisalimia koti lililoanikwa kwenye kamba.

"Kweli nililisalimia," Mama akasema. "Lina adabu kuliko huyo jirani. Macho yangu mazima, na sihami. Nyumba hii nimeinunua kwa jasho langu. Nitatoka humu nimebebwa."

"Na ukianguka ngazini je?"

"Nitainuka. Wewe ulivyokuwa ukianguka, nilikuhamisha?"

Mwana akashusha pumzi. Kubishana na mama huyu ni kutwanga maji kwenye kinu. Miaka ishirini nyuma Mama alikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta, mashine nane, na vijana wa mtaa mzima wakimwita Kamanda, kwa sababu katika Ngome ya Chuma, ule mchezo wa kuwindana kwa bunduki, hakuna aliyewahi kumtia adabu. Sheria ya chumba ilikuwa moja: kuchungulia kioo cha kompyuta ya mwenzio ni wizi. Meza zote alizielekeza mlangoni, anayeingia aone migongo ya vioo tu. Na kila waya aliufunga uzi, autambue kwa vidole huko gizani chini ya meza: fundo moja umeme, mawili kioo, matatu sauti. Chumba kilifungwa zamani, lakini mazoea yana taabu. Hata kompyuta moja aliyobaki nayo chumbani mwake aliipanga vilevile.

"Si uliniambia wameutengeneza upya mchezo wetu?" Mama akasema ghafla. "Ulete. Mwenye macho mabovu hapigi shabaha. Wa kwanza kufikisha kumi. Ukinishinda, hayo maboksi nitayafunga mwenyewe. Nikikushinda, unayabeba unarudi nayo, na habari ya kuhama nisiisikie tena."

Mwana akacheka. Mchezo ule mpya alikuwa akiucheza kila siku akitoka kazini. "Haya. Usije ukasema nimekuonea."

Akauweka kwenye kompyuta ya chumbani, Mama ameketi, mikono tayari juu ya vitufe.

"Tazama picha walivyoifanya, Mama! Maji yanameta. Hata kutu ya milango unaiona."

"Naiona."

"Ukiitamani ya zamani, unabonyeza hapa tu. Vyote vinarudi, picha na sauti."

"Picha niachie hiyohiyo mpya. Sauti nirudishie ya zamani. Na huo muziki uzime, siendi harusini."

Yeye mwenyewe alitaka kuiunganisha kompyuta yake ya mkononi na runinga kubwa ya sebuleni, ila waya wake alikuwa ameusahau nyumbani. Akarudi chumbani, akapiga magoti nyuma ya meza ya Mama, akapapasa kwenye ule msitu wa nyaya, akachomoa mmoja.

"Unachomoa nini huko?"

"Waya wa ziada tu. Vaa vipokea sauti, tunaanza."

Akafunga mlango, kama sheria ilivyotaka.

Hakumaliza dakika mchezoni kabla ya kufa. Akajibanza nyuma ya mapipa, akafa tena. Basi akaona ashuke kwenye mfereji, mahali ambapo hata wenzake wa kazini hawakuwahi kumpata.

"Toka majini, utapata mafua!" Sauti ya Mama ikapenya ukutani. Risasi ikafuata. Tatu.

Akapanda darini kwenye ghala, akatembea taratibu juu ya mbao.

"Na huko juu umefuata nini, panya?" Nne.

"Umenionaje?" akapiga kelele.

"Kwa macho yangu haya haya mabovu!"

Si kwamba hakumpata kabisa. Mara nyingine alimkuta Mama kasimama wazi katikati ya uwanja, katulia, bunduki imeelekea kwingine, kama mtu anayesubiri basi, akampiga kwa raha zake. Lakini akianza tu kukimbia, risasi humfuata hata nyuma ya pembe.

"Kumi!" Mama akapiga makofi. "Kumi kwa sita! Mwambie na jirani!"

Mwana aliona haya, lakini kusema kweli moyo ulimtua. Mama anaona. Yule jirani ni mzushi tu, atamwendea akitoka hapa, amweleze. Akayakunja maboksi moja baada ya jingine, akayaegemeza mlangoni. Kisha akauchomoa waya kwenye runinga ili aurudishe mahali pake. Vidole vyake vikakuta uzi. Akauangalia, akaenda chumbani.

Mama alikuwa bado ameketi, uso kauelekeza kwenye kioo, anatabasamu kwa ushindi.

"Unayo mengine ya kusema?"

"Sina, Mama. Umeshinda." Akazunguka meza polepole. "Na picha je? Umeipenda?"

"Usiseme! Yale maji yanavyometa, utadhani ya kweli."

Mwanawe alisimama nyuma yake, waya wenye mafundo mawili mkononi. Kioo kilikuwa cheusi ti, tangu kabla ya risasi ya kwanza.