Bangili ya Kulwa

Kila mtoto wa darasa la pili huvalishwa bangili inayosikiliza maswali yake. Akiuliza makubwa kuliko umri wake, kesho yake gari linampeleka bweni la wenye vipawa mpaka amalize la saba.

Alichaguliwa Kulwa. Gari lilipoondoka ndipo nikaona mkono wa pacha wake, Doto: bangili imeandikwa Kulwa! Nilizichanganya mwenyewe nikiwaogesha.

Nikanyamaza. Ningemrudisha mmoja ili nimtoe mwingine?

Leo mwalimu kapiga simu. “Hongera, Mama Kulwa. Mwanao anaongoza darasa zima.”

Sasa bangili ilikuwa inapima nini?

Nikamwambia Doto habari hiyo. Akaitazama bangili mkononi mwake. Yeye aliyekuwa akinichosha kutwa na “kwa nini, mama?” hakuuliza hata nduguye atarudi lini.