Nchi Iliyokatwa kwa Wino

Kizito hakuwa na wakili, hakuwa na cheti, wala hakuwa na kitu cha kuweka rehani isipokuwa mashine yake ya kusaga. Mkataba wa mkopo aliouomba ulisema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za nchi ya mkopeshaji, ng'ambo ya mto.

"Tia saini tu, mzee wangu," alisema wakala wa mkopeshaji. "Wenzako wote wametia."

"Nikishindwa kulipa, mashine mtaikamatia wapi?"

"Si hapa hapa!"

"Basi na sheria iwe ya hapa."

"Na wakikunyima mkopo?"

"Nitaendelea kusaga na mashine yangu hii hii."

Akalikata jina la nchi ile, akaandika la nchi yake, akatia saini. Kabla wino haujakauka vizuri, akautia mkataba kwenye bahasha, akaifunga na kuitumbukiza mwenyewe katika sanduku la posta.